Kadi za Katoni za Mama Rehema

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona katoni ya sabuni, Mwanangu, na nikiikumbuka masikio yangu hupata moto hata kama nimekaa peke yangu. Nimezeeka sasa, meno yaliyobaki ni ya kuchekea tu, lakini aibu ile haikukubali kuzeeka pamoja nami. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea mwisho. Nilikuwa kijana wa Mpumudde, kule Jinja. Mchana nauza vipuri vya baiskeli, jioni nasoma stashahada ya ualimu. Na unanijua, mimi ni mtu wa kuongeza chumvi. Nikinyeshewa matone matatu nitakuambia Nile yote ilipanda juu ikanimwagikia kichwani. Wenzangu wa shule ya jioni waliniita Profesa kabla sijafaulu hata mtihani mmoja, nami nikaitika. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Ili nihitimu ilinibidi nifanye utafiti. Swali langu lilikuwa hili: je, kadi za maneno za kwenye kompyuta zinamsaidia mtu kujifunza msamiati wa lugha ya kigeni? Lugha yenyewe ilikuwa Kiswahili, maana huku kwetu wengi hatukunyonya nacho. Wazee wengine walikisikia mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Jinja nilikuwa na watu kumi wa kujifunza kwa madaftari. Mbale, katika kituo kimoja cha elimu ya watu wazima, nilikuwa na kumi wengine, askari magereza na wachuuzi wa mtaa wa Namatala waliotaka kuelewana na wateja kutoka Kenya. Hao ndio wa kompyuta. Kituo kilikuwa kimepewa moja, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Neno linatokea kwenye kioo, unafikiri, unabonyeza, maana inatokea. Tuliiona kama muujiza.

Sasa, pale kituoni alikuwapo Mama Rehema, Mnubi, binti wa askari wa zamani, mjane, aliyefundisha Kiswahili miaka mingi. Darasa lile ndilo lililomtoa nyumbani kila siku na kumpa jina mjini. Nilimwomba akae pembeni majuma manane, ili nipime kazi ya kompyuta peke yake.

"Haya, mwalimu," akasema. "Nitapumzisha koo. Tuone huyo ng'ombe wako wa umeme kama ana maziwa."

Juma la nne nilishuka Mbale Jumamosi asubuhi nikakuta kituo kimya, kompyuta imefunikwa shuka kama maiti. Mlangoni alikuwapo mwanafunzi wangu mmoja, mama muuza nyanya.

"Imerara, bwana," akaniambia. "Umeme hakuna tangu juma la jana. Na juma lile lingine ilikuja mara mbili tu."

"Na wenzako wako wapi?"

Akatazama vidole vya miguu yake. "Wapo tu."

Nikamfuata mpaka nyumbani kwa Mama Rehema. Mwanangu, nilichokiona! Barazani wamekaa wote tisa, na kila kitu cha nyumba ile kimefungwa kadi iliyokatwa kwenye katoni ya sabuni: birika lina kadi, mlango una kadi, hata kuku anatembea na kadi mguuni akijivuta kwa heshima kama karani. Upande mmoja neno, upande wa pili picha aliyoichora mwenyewe kwa makaa. Na sheria yake ilikuwa hii: neno likikushinda, kadi yake unaitia mfukoni unakwenda nayo, na huruhusiwi kuirudisha mpaka umelitumia neno lile kwa watu watatu mjini. Askari mmoja wa magereza, Afande Opio, alikuwa amebeba "subira" siku tisa. Alisema wafungwa wenyewe walishaanza kumwonea huruma.

"Afande, mbona mko huku?" nikamuuliza.

"Sasa bwana, kompyuta imekufa. Sisi tukae tungoje ufufuo?"

Wakacheka, nami nikacheka. Mama Rehema hakucheka.

"Mimi sikuwaita, mwalimu," akasema. "Lakini mwanafunzi akipiga hodi simfukuzi. Wewe andika tu ulichokiona."

"Nitaandika, Mama."

Shika hapo, Mwanangu. Nilisema nitaandika.

Majuma manane yakaisha, nikawapa mtihani. Watu wa Mbale waliwaacha wale wa Jinja mbali sana. Nikawauliza pia, "Je, kompyuta imewasaidia?" Wote kwa sauti moja: "Sana, bwana!" Kwetu mgeni haambiwi kwamba mboga yake haikukolea. Nilijua hivyo, mimi ni mtoto wa huku huku. Hata hivyo nikaandika majibu yao kama nilivyoyasikia, na baraza lile sikuliandika kabisa. Nikiliandika, mwalimu aliyenisimamia utafiti angeniambia nirudie yote, na mahafali yalikuwa karibu, joho nimeshalijaribu mbele ya kioo, nimegeuka huku na huku kama bwana harusi. Nikaandika kwamba kadi za kompyuta zinafundisha hata pasipo mwalimu. Pasipo mwalimu! Mkono huu huu unaouona.

Ripoti ikasifiwa. Nikapeleka nakala moja Mbale, imejalidiwa kwa gamba jekundu, nikitembea kama nimebeba Mlima Elgon kwapani. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kupata habari kwa simu. Akanishika mkono kwa furaha.

"Umetufungua macho, Profesa! Darasa la yule mama tumelifunga Jumatatu. Chumba chake tutakiwekea kompyuta ya pili."

Nikataka kupanda gari nirudi Jinja palepale. Lakini kupita Mbale bila kumsalimu ingekuwa aibu juu ya aibu, nikaenda. Nilimkuta barazani akifungua kadi moja moja, ya birika, ya mlango, akizipanga ndani ya katoni ya sabuni kama zile zilikokatwa. Akanikaribisha. Akanipa chai, Mwanangu, chai yenye tangawizi, mimi niliyemfukuzisha! Kisha akaiona ripoti.

"Kumbe ndiyo hiyo. Kubwa! Kiingereza kimenipita. Nionyeshe tu, mwalimu, mimi niko ukurasa gani?"

Nikafungua. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma, kama mtu anayetafuta kitu alichokifukia mwenyewe. Kurasa arobaini. Yeye akangoja, mkono mmoja juu ya katoni. 

"Basi, funga," akasema taratibu. "Chai inapoa."

Sikuinywa. Nilirudi Jinja siku ileile, nikamweleza yule mwalimu msimamizi kila kitu. Joho likaenda kwa wengine, mimi nikarudia mwaka mzima, na jina la Profesa likawa la kunizomea. Utafiti wa pili ulitoka mdogo na wa kweli: kadi za kompyuta zilisaidia kiasi, siku umeme ulipokuwapo, lakini maneno yalikaa zaidi kwa wale waliokuwa na mtu wa kuwauliza kesho yake. Mama Rehema nilimpa ukurasa mzima, kwa jina lake, kwa Kiswahili. Mkuu wa kituo aliusoma, akatuma mtu amwite arudi.

Alikuwa ameshahamia Bombo kwa mdogo wake, na wanafunzi wake walikuwa wametawanyika. Afande Opio alipopata likizo nilimpa ule ukurasa amfikishie. Akarudi na jibu.

"Amesema asante, ukurasa ni mzuri. Lakini amesema pia watu hawakai barazani mwa karatasi."

Basi, Mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kitu kipya kikija, kipokee, kipime kwa haki, ila usimzike aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kimya kimya. Ukichunguza jambo, andika ulichokiona, hata kikikurudisha darasani. Chumvi itie kwenye hadithi za barazani, ndiko kwake. Kwenye ushahidi usiitie hata punje, maana kuna mtu atakayeula mkate wake au kuukosa kwa maneno yako. Na aliyekusaidia mtaje mapema, angali karibu, aweze kusikia.

Mungu akupe macho ya kuona na mkono usioficha. Na siku mtu aliyekutendea wema atakapokuuliza yuko ukurasa gani, Mwenyezi akujalie uufungue mara moja, bila kupekua. Amina.