Mpira wa Breki Alioununua Baba

Baba yangu alikuwa mkulima wa viazi kule Ibaba, na kwa miaka mingi alimiliki pikapu kuukuu ambayo watu wa milima yetu waliitegemea kuliko alivyoitegemea yeye mwenyewe. Ilishusha viazi na maharage Tunduma, mji wa mpakani, ikapandisha chumvi, mabati na wagonjwa walioruhusiwa hospitali. Ikiharibika, majirani waliulizia hali yake kama wanavyoulizia hali ya mtu.

Fundi wake alikuwa mmoja tu. Alikuwa Mwislamu kutoka Tanga, mtu mrefu wa maneno machache, aliyefika mpakani akiwa utingo wa malori na hakurudi tena kwao. Gereji yake ilikuwa kiwanja kilicholowa oili nyuma ya maduka. Miaka ile maduka yenyewe yalikuwa matupu. Fundi alikuwa na spana zake na ujuzi wake, basi. Spea ulijitafutia mwenyewe. Baba alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akaomba kupunguziwa bei kwa Kibemba cha kuokoteza, akarudi na alichopata. Fundi alikipokea kifaa, akakigeuzageuza juani, akasema, "Hapa umepata." Maneno hayo mawili yalimtosha baba njia nzima ya kurudi nyumbani.

Baadaye biashara ikawa ruksa, na Tunduma ikajaa spea mpaka barazani. Fundi akaanza kuwaambia wateja wasihangaike, atawanunulia yeye. Baba naye alinunuliwa pampu ya maji, ndani ya boksi jipya linalong'aa. Haikumaliza mwezi. Injini ilichemka porini, na shehena nzima ya viazi ikaozea mvuani. Baba alikwenda dukani kulalamika, na mwenye duka, bila kujua anazungumza na nani, akataja bei aliyomuuzia fundi, chini ya ile aliyolipa baba. Ndipo baba alipojua kwamba fundi alijiwekea cha juu, tena kwenye kifaa feki.

Hakugombana naye. Aliendelea kupeleka gari palepale, ila spea akarudi kununua mwenyewe. Lakini kuanzia hapo, fundi akitia neno lolote kuhusu kifaa, baba alisikia cha juu tu.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, breki za pikapu zilianza kulegea. Baba aliniambia niende naye Tunduma kumsaidia kuuza maharage. Shangazi yangu, dada yake baba, alipanda pia kwa sababu alitaka dawa ya macho. Tulipomaliza kuuza, baba alinunua mipira ya silinda za breki kwa mchuuzi wa njiani, tukaenda gereji.

Fundi aliubonyeza mpira mmoja kwa kucha, kisha akaurudisha.

"Mzee wangu, huu sifungi."

"Una nini?"

"Laini mno. Ukikutana na mafuta ya breki utavimba. Tafuta mwingine, au niache nikutafutie."

"Wapi? Duka la pampu?"

 Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Kanunue popote," alisema. "Lakini huu sifungi."

Shangazi alimshika baba mkono. "Kaka, si umsikilize?"

"Nimemsikiliza vya kutosha."

Tukahamia gereji ya ng'ambo ya barabara. Huko waliifunga mipira ile bila kuuliza neno. Baba alijaribu breki barabarani, zikashika vizuri, naye akatutazama.

Ukungu ulitukuta milimani. Mimi nilikaa katikati, na shangazi dirishani, akieleza mbegu ya maharage aliyoiona sokoni, jinsi punje zake zilivyo na madoa. Tulikuwa tunateremka kuelekea mtoni. Niliona mguu wa baba ukikanyaga pedali mpaka chini, ukanyanyuka, ukakanyaga tena, na gari halipungui mwendo.  Aliligeuzia kwenye ukingo wa upande wa mlima ili lisitumbukie bondeni. Likagonga udongo, likalalia upande wa shangazi.

Mimi nilivunjika mkono. Watu waliokuwa wakilima karibu walikuja mbio, wakaliinua gari kwa mabega, lakini shangazi alikuwa amekwisha kufa. Baba aliketi kwenye majani, akiwa ameshika kiatu kimoja cha dada yake.

Siku ya pili ya msiba fundi alifika, matope hadi magotini, kwa kuwa lori alilopanda lilikwama. Ndani wanawake walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani. Yeye alikaa nje na baba penye moto. Niliwapelekea chai kwa mkono wangu mzima, na nikawasikia.

"Gari umelipitia?" baba aliuliza.

"Nimelipitia."

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Ni ile mipira?"

Fundi aliitazama chai yake. "Bomba la mafuta ya breki limekatika, yote yamemwagika. Kama lilikatika kabla ya kugonga au baada, sijui."

"Fundi, niambie."

"Kama nisingekufanyia vile kwenye pampu, ungenisikiliza. Hilo ndilo ninalolijua, ndugu yangu."

 Baba alichukua birika mkononi mwangu, akamwongezea chai.

Pikapu ilinunuliwa na watu wa vyuma chakavu, wakaja kuikatakata palepale ukingoni. Baba hakushika usukani tena. Mazao ya jirani zetu yakawa yanasubiri gari la kupita, na mara nyingi halikupita. Alipokutana na fundi Tunduma walisimama pamoja, wakaulizana habari za watoto na za mvua, kisha wakaagana.

Shangazi aliacha watoto wanne na shamba linalopakana na letu. Kila msimu baba alianza kulima la kwao. Akimaliza ndipo alipogeukia letu, na miaka ambayo mvua ilikatika mapema, viazi vyetu vilitoka vidogo kama kokoto. Mama alivichemsha hivyohivyo, akatuandalia, tukala.