Arki, si Araki

Hapa Kintinku najulikana kwa mambo mawili: keki na maneno mengi. Binti wa jirani yangu alipopata mchumba wa Itigi, keki ya harusi ilikuwa yangu, sikutaka kusikia habari za mwokaji mwingine. Mimi Mkristo, wao Waislamu, na mtoto yule amekulia uani kwangu.

Wiki ya harusi, shangazi wa bwana harusi akaja kusalimia. Nikamwamkia, nikamkaribisha jikoni, na kwa kujishaua nikamwonyesha kichupa cha bei mbaya nilichoagiza mjini. "Hii ndiyo arki yenyewe, shangazi. Nyingine zote maji matupu."

Akarudi nyuma. "Araki? Mnaweka gongo kwenye keki?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamweleza kwamba arki ni ya kunukisha keki, araki ni pombe, na hayo mawili hayajuani. Hakucheka. "Kama ina kilevi, sisi hatuli," alisema, akaaga. Nilijua maana yake. Shangazi akikataa kulishwa keki mbele za watu, upande wake wote haugusi, na aibu inambakia bibi harusi.

Nikakasirika, nikakamata kichupa ili nimuumbue kwa maandishi. Mbele kiliandikwa vanila halisi, kwa herufi za dhahabu. Nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani, nikakuta maganda ya vanila, maji na alkoholi. Kumbe ile halisi hupatikana kwa kuloweka maganda kwenye kilevi. Niliishiwa maneno, na mume wangu alifurahi sana.

Nikashusha kichupa cha dukani nilichokuwa nakidharau. Hicho hakikujidai: ladha ya vanila tu, ya kiwandani. Nikasoma nyuma mara mbili, maana hata za kiwandani nyingine huchanganywa na kilevi. Maji, sukari, gliserini, vanilini. Basi. Nikaokea hicho.

Siku yenyewe binti akapiga magoti, akamnyooshea shangazi kipande. Chini ya turubai watu wakanyoosha shingo. Shangazi akanitafuta kwa macho.

"Ni ile araki yako?"

"Ile nimeiacha nyumbani, shangazi. Ulisema kweli, ina kilevi. Hii haina, nimesoma mwenyewe nyuma ya chupa."

Akanitazama kidogo, akafungua mdomo. Akatafuna, akameza, akafungua tena.

Kigelegele cha kwanza kilikuwa changu. Nilimfunika hata mama mzazi.