Mwenyekiti na Jina Chini ya Picha

Hata sasa siamini. Leo asubuhi nimesoma sehemu tamu kwenye kitabu, nikashika simu nimrekodie Mwenyekiti ujumbe, nikaanza kabisa: "Wewe, umefika pale…" Ndipo nikakumbuka kwamba tumemzika Jumamosi.

Mnaonifuata hapa mnamjua kwa challenge yetu ya kusoma: kitabu kimoja kila mwezi, mwaka mzima, sisi marafiki wa ofisi moja ya utalii hapa Arusha. Yeye ndiye aliyetuanzisha. Hatukumpigia kura, alijiteua tu, basi tukamwita Mwenyekiti na jina likamkaa.

Mwaka huu alichagua vitabu vya enzi za Wajerumani peke yake. Jamani, tulilalamika! "Mwenyekiti, sisi tumezoea riwaya za mapenzi, leo unatupeleka kwa Mjerumani?"

"Na huko watu walipendana. Someni."

Tulianza na kumbukumbu za mzungu mmoja aliyepiga kambi chini ya Mlima Meru. Mwenyekiti alikuja kazini amevimba. "Huyu mtu anajua jina la mbwa wake, anajua jina la punda wake, aliyempikia muda wote huo anamwita mpishi! Hebu niambieni!" Siku hiyo tulikuwa na deadline, na kazi haikufanyika.

Riwaya ya mpagazi aliyemwacha mke mjamzito ilimliza palepale kaunta, mbele ya wageni. Akawaambia ni vumbi. Masika ile, vumbi la wapi?

Kuna kitabu cha askari aliyekuwa akichapa watu viboko. Sote tulimchukia askari yule, tukataka afe mapema. Mwenyekiti akasema, "Rudieni pale anapomwota mama yake." Ndivyo alivyokuwa. Hakumkatia mtu tamaa, hata wa kwenye kitabu.

Siri ya usomaji wake ilikuwa Koko, bibi yake, kule Ilkiding'a. Kila Jumapili baada ya kanisa alimsomea, akigeuza Kiswahili kuwa Kimaasai papo hapo. Ila Koko ni Mwarusha wa zamani, na wazee wale hawatamki jina la aliyekufa. Basi Mwenyekiti akifika kwenye jina la marehemu alikuwa halisomi, anagonga meza kidogo na kuendelea.

Tabia ile akaja nayo kwetu bila kujijua. Tulimcheka, halafu ikatuambukiza. Siku moja kwenye meeting bosi akamtaja marehemu dereva wetu wa zamani, na sisi wote tukagonga meza kwa pamoja. Bosi akadhani tunagoma!

Kisha kikaja kile kitabu cha picha.

Ndani yake kuna picha ya watu wakibeba mawe ya kujengea boma la Wajerumani hapa mjini. Maelezo ya chini yanamtaja ofisa mmoja aliyesimama pembeni na kofia yake. Waliobaki wanaitwa vibarua, basi. Mwenyekiti alikaa na ukurasa ule mpaka chai yake ikapoa.

Jumapili akampelekea Koko. Koko akavaa miwani, akakisogeza kitabu mpaka puani, akaweka kidole juu ya kijana mmoja mwenye jiwe begani. "Huyu ni babu yangu. Nimelelewa kwake. Sikio lake lilichanika hivi hivi."

"Aliitwa nani, Koko?"

Koko akagonga meza.

Tangu siku hiyo rafiki yangu hakutulia. Alitaka jambo moja tu, kuandika jina chini ya yule kijana kabla mwaka haujaisha. Penseli aliiacha kwenye ukurasa ule, tayari. Kila Jumapili alibembeleza. Alikuwa akiniambia, "Nikifunga mwaka bila jina lile, nitakuwa nimesoma nini?" Na Koko alikuwa na jibu lake: siku nyingine.

Presha ikampanda kazini, mchana, tukicheka. Tulimkimbiza hospitali. Hakurudi, na mimi nimeumia kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Mtaniuliza kwa nini sijaandika jina lake popote hapa. Ni kwa heshima ya Koko. Kwenye ibada mchungaji alilitaja, ilibidi, na kila alipolitaja nilisikia fimbo ya Koko ikigonga sakafu. Sisi wa ofisini tulikuwa benchi la nyuma. Tukagonga benchi. Watu waligeuka kututazama, wacha wageuke.

Baada ya mazishi Koko akaniita jikoni. "Njoo hapa, yeyo," akasema, yaani mama, anavyowaita mabinti wote. Kile kitabu cha picha kilikuwa mapajani mwake.

"Shikamoo, Koko. Pole sana."

"Marahaba. Huyu mtoto alinisumbua sana na jina la babu. Nikamwambia siku nyingine. Nilidhani siku ziko." Akafuta macho kwa kanga. "Mimi ndiye mzee. Nilijua nitatangulia mimi."

Akanivuta shingo, akaniambia jina sikioni, mara moja, taratibu. "Sijalitamka tangu tumzike. Usiliseme, yeyo. Liandike tu pale alipotaka."

Penseli yako ilikuwa palepale, Mwenyekiti. Nimeliandika chini ya miguu ya yule kijana, kwa mwandiko wangu mbaya uliokuwa ukiucheka. Si kibarua tena, ana jina lake. Koko alitazama mpaka nikamaliza.

Kisha akaweka kidole kwenye nafasi iliyobaki, kando ya jina la babu yake. Nikaandika na la kwako.

Challenge umeimaliza, ndugu yangu. Lala sasa, usingizi wako uwe mwema. Mimi huku nagonga meza.