Nilipewa kazi ya kuamua kama anime inafaa vijana wa kanisa, jibu likanipata nyumbani kwangu

Wakuu, poleni na baridi huko mliko. Hii nawaandikia vile ilitokea, sijaongeza chumvi. Jina la binti tu ndilo nimebadilisha.

Naishi Kiogoro, natengeneza simu na laptop Kisii town. Kaka yangu alifariki mwaka juzi, na binti yake Kemunto, wa form two, mimi na mke wangu tunaishi naye. Ananiita Tata, vile sisi Wakisii huita baba.

Sasa wazazi wa kanisani wakasikia kuna anime ya sci-fi vijana wanaangalia kwa simu. Mmoja akasema ni mambo ya mashetani. Mwingine akasema ni katuni tu, tuwaachie watoto.

Wakanigeukia. "Wewe ndiye mtu wa computer. Itazame utuambie kama inafaa."

Nikaitazama yote. Kemunto mwenyewe ndiye alinipatia, alikuwa nayo kwa flash.

Story ni hii: mji wa miaka ijayo, jua limezimika. Umeme unatoka kwa kumbukumbu za watu. Watoto wanapanga laini, wanavaa kofia ya chuma, wanatoa kumbukumbu moja, taa zinawaka.

Kuna msichana alitoa kumbukumbu ya babake aliyekufa. Akatoka pale anacheka, hata hajui alikuwa analilia nini.

Mimi nilikuwa natafuta matusi, damu, uchi. (Si hayo ndiyo wazazi huuliza?) Sikupata kitu. Nikaamua moyoni nitawaambia iko sawa.

Episode ya huyo msichana, Kemunto alikuwa kando yangu anachambua mboga. Akasema bila kuniangalia, "Huyo amesaidika."

"Amesaidika aje na amesahau babake?"

"Haumii tena, Tata."

Nikadhani ni story za anime. Tukala ugali na hizo mboga za chinsaga, tukaomba, basi.

Sabato iliyofuata akasema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani. Tuliporudi kanisani tukapata moshi nyuma ya jikoni.

Alikuwa amechoma koti ya babake, pamoja na ile picha tuliyoweka sitting room tangu mazishi. Picha zake zingine zilipotea na simu ya marehemu hospitalini. Hiyo ndiyo ilikuwa imebaki.

Mke wangu akapiga nduru. Kemunto alikuwa amekaa kwa jiwe, macho makavu, anageuza majivu na kijiti.

"Bado namkumbuka," akasema. "Imekataa."

Wakuu, nilishindwa hata kumkaripia. Nilikaa chini kando yake na suti yangu ya kanisa, nikalia mbele yake. Yeye hakulia.

Wazazi walikuwa bado wanangoja jibu. Nikawaambia si mashetani, lakini si ya mtoto kuangalia peke yake, hasa mtoto mwenye msiba.

"Kwa hivyo tuikataze?"

Nikasema kama mimi ningeikataza, Kemunto angeiangalia kwa rafiki yake, na singejua anaumia wapi. Hawakuridhika. Wakaikataza.

Tunampeleka kwa counsellor hapo town. Anaenda, anarudi, haongei sana. Siwezi kuwadanganya ati amepona.

Nilichojifunza: ile age rating haijui nyumbani kwako kumetokea nini. Kaa na mtoto muangalie pamoja. Na usikazie macho screen pekee, mwangalie yeye.

Juzi tukichuma majani chai, akasimama ghafla kwenye mstari.

"Tata, lile pengo la meno ya baba yangu lilikuwa upande gani?"

"Kushoto," nikamwambia.

Nilijibu haraka, asije akajua kwamba hata mimi sina hakika.

Wenye mmewahi kulea mtoto aliyefiwa, nyinyi mlifanya aje? Niandikieni hapa, hata kama ni kunisuta. Nitasoma yote.