Kazi Yangu Ilikuwa Kununua Sabuni

Duka la ushirika nililouzia hapa Bariadi lilifungwa soko huria lilipoingia, wakati mji wetu ungali chini ya mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ile tangu nikiwa msichana. Katika miaka ya uhaba watu hawakuja kununua sabuni, walikuja kuiomba. Pesa walikuwa nayo mkononi, lakini haikumpa mtu haki ya kuuliza swali. Ukisema mche huu umepasuka, anayefuata kwenye foleni anauchukua.

Kwa hiyo, mtu aliponiambia kwamba kuna kampuni iko tayari kunilipa ili niwe mteja, nilidhani ananitania.

Alikuwa meneja mauzo wa kampuni moja ya sabuni yenye ofisi Mwanza. Alikuja kulitazama jengo letu lililofungwa, akitaka kulifanya stoo, nami ndiye niliyekuwa na funguo. Tukiwa mlangoni alinipa pesa ya kibiriti, akanituma duka la ng'ambo ya barabara. Niliporudi hakukipokea kibiriti.

"Umeona nini?" akaniuliza.

Nikamwambia sabuni yao imewekwa rafu ya chini, imeegemea dumu la mafuta ya taa, na mche wa juu tayari unanuka mafuta hayo. Sabuni ya wapinzani wao iko usawa wa macho. Muuzaji ana kidonda kidoleni na hakatai mtu akiomba kukopa. Meneja akacheka, kisha akaacha kucheka.

Kazi ilianza hivyo. Nilikuwa naenda kwenye maduka ya mawakala wao Bariadi, Malampaka, Mwandoya na Lamadi, nanunua kama mtu yeyote, nasikiliza, naangalia kama bei ni ile waliyopanga na kama mteja anajibiwa vizuri, kisha namwandikia meneja. Nauli na pesa ya kununulia walinipa kabla sijatoka nyumbani. Sabuni iliyonunuliwa ilikuwa yangu. Sharti lilikuwa moja: nisijulikane. Meneja aliniruhusu kumwambia mume wangu tu. "Mwanamke anayesafiri bila mumewe kujua anakwenda wapi ataniletea kesi," alisema.

Maswali ya kumuuliza muuzaji yalikuwa yametungwa na watu wa mbali. La kwanza nililijaribu Malampaka, katika duka lililo karibu na stesheni, asubuhi watu wakisubiri treni ya Mwanza.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu mwenye duka kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akiniita mama.

"Kwa kufulia nguo za watoto, unanipendekezea sabuni gani?"

Mzee yule aliweka kisu chake chini. "Mayu," akasema, "nguo ni zako, watoto wako, pesa yako. Mimi nikupendekezee nini? Au nikuchagulie na mume kabisa?"

Waliokuwa barazani walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Nami nilicheka, lakini somo nililipata. Kwetu mtu haombi ushauri wa namna hiyo kwa muuza duka, na anayeuliza anaonekana mgeni au ana lake jambo. Tangu siku hiyo niliacha maswali yao, nikawa nasema tu, "Nimeambiwa hii nyeupe inachubua mikono." Basi muuzaji angeanza kuitetea au kuisema vibaya, na mimi ningesimama pale nikipata kila nilichotumwa kukitafuta. Vilevile niliacha kuomba mche mzima. Watu wetu wananunua kipande, na kipande ndicho kinachokuonyesha mkono wa muuzaji, kama anakata sawa au anakuibia kwa pembeni.

Sasa nimtaje wifi yangu, maana habari hii ni yake kuliko yangu.

Dada wa mume wangu aliachika Mwandoya, akarudi Bariadi na khanga alizovaa. Hakukaa chini kulia. Aliomba shamba kwa kaka yake, akalima pamba kwa mikono yake mwenyewe, na alipouza akanunua cherehani ya miguu. Aliiweka kwenye baraza ya duka la vitambaa sokoni. Kwa cherehani ile alikula, alivaa, na alipata mahali pa kukaa ambapo hakuna mtu wa kumfukuza. Jioni aliifunika kwa gunia safi, kisha kwa nailoni, kisha akafunga kamba. Nilikuwa namtania kwamba hata aliyekuwa mumewe hakufunikwa vizuri hivyo.

"Yule alikuwa na miguu ya kukimbilia," alinijibu. "Hii miguu yake nimeifunga."

Siku moja alikuja nyumbani, akakaa jikoni na kunyamaza, na kwake kunyamaza ni ugonjwa.

"Wifi, nimepata kazi," akasema mwishowe.

"Kazi gani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Basi mbona umeniambia?"

"Nimekuambia nimepata. Sijakuambia gani." Akasogea karibu. "Unalipwa ili ununue vitu. Mtu hajui kama ni wewe. Bwana wao amefikia gesti ya karibu na stendi. Na anasema hapa hapa mjini wana mtu wao tayari, anaonekana kila duka akinunua sabuni, na hakuna anayemjua."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuuchambua, lakini mawe sikuyaona tena.

"Na wewe unatoa nini?" nikauliza.

"Dhamana tu. Kwa sababu tutakabidhiwa bidhaa zao. Mwenye baiskeli anaweka baiskeli, mwenye redio redio. Wanaitunza stoo yao Shinyanga, ukimaliza majaribio unarudishiwa. Mimi naweka cherehani. Gari linakuja siku ya mnada. Na usimwambie kaka yangu. Bwana yule amesema hata ndugu wa tumbo moja asijue, ukisema umeikosa."

Nilielewa mambo mawili pale pale. Kwanza, kuna mtu aliyesikia minong'ono juu yangu, pengine kwa wauza duka, akaigeuza mtego. Pili, mtego wake ulikuwa na kifuniko kizuri kuliko vyote, kwa sababu watu waliokatazwa kusema hawawezi kuulizana. Kila mmoja aliyeshika dhamana yake alijiona peke yake ndiye mwenye bahati.

Sikumwambia kitu wifi siku ile. Kesho yake nilikwenda gesti kwa namna ninayoijua, kama mteja, nikajifanya natafuta kazi. Bwana yule alikuwa na mkoba mweusi, viatu vilivyong'aa na Kiswahili kitamu cha Dar. Alinikaribisha kiti. Akaniuliza ninaishi wapi, nina baiskeli, nina redio, nyumba imeezekwa kwa nini, mume wangu ana ng'ombe wangapi. Nikamuuliza tutakagua maduka gani. Akasema hiyo ni siri. Bidhaa gani? Siri. Tukishaona makosa tutamwambia nani? Akatabasamu, akasema, "Mama, kazi hii haitaki maswali."

Nilitoka nikiwa sina shaka. Meneja wangu aliniuliza nimeona nini. Huyu aliniuliza nina nini.

Nilikwenda posta nikapiga simu Mwanza. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo si wetu," akasema.

"Najua si wenu. Nataka niwaambie watu."

"Utawaambia umejuaje?"

"Nitasema ukweli."

"Ukisema ukweli mawakala wote watakujua, na mimi sina kazi ya kukupa. Waachie polisi. Sisi tunauza sabuni."

Polisi nilikwenda. Askari wa zamu aliniuliza nani ameibiwa. Nikasema bado hakuna. Akaniambia nirudi akishapatikana.

Usiku nilimweleza mume wangu. Akasema atamkataza dada yake. Nikamwambia akimkataza yeye, bado baiskeli za watu zitapanda gari, na dada yake atatuchukia sote wawili mpaka tuzikwe. Akaniuliza kama nimefikiri tutakula nini. Nilikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta nikiwaona watu wakinyamaza kwa kuogopa kukosa mche wa sabuni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwanyamazisha. Sikuwa tayari kurudi kwenye kazi ile kwa mlango mwingine.

Siku ya mnada uwanja wa gesti ulijaa. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani, redio zimefungwa kwenye vitenge, na katikati ilikuwapo cherehani ya wifi yangu ndani ya gunia, nailoni na kamba zake. Pikapu ilikuwa imerudishwa kinyumenyume mpaka karibu na vitu. Watu walitazamana kwa aibu, kila mtu akishangaa kwamba siri yake ina wenzake wengi.

"Jamani," nikasema, "msipakie. Nina neno."

Bwana wa mkoba akasema mama huyu ameshakataliwa kazi, ana kijicho. Baadhi wakaguna. Nikaendelea.

"Huyu anasema ana mtu wake hapa mjini, anayezunguka akinunua sabuni. Mtu huyo ni mimi. Kazi hiyo ninayo kweli, na anayenilipa yuko Mwanza. Huyu simjui. Mimi sikuweka dhamana yoyote, wao ndio walionipa nauli."

Nikamwona mwenye duka la karibu na soko, ambaye kwake nilikuwa nimenunua vipande visivyo na idadi, akinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Kazi yangu ilikwisha katika macho yale.

Lakini wa kwanza kusema alikuwa wifi, naye hakuwa upande wangu.

"Kumbe unayo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyoniumiza. "Unayo kazi, umekaa nayo, mimi nimekuja jikoni kwako ukanitazama tu. Sasa nimepata na mimi, unakuja kuimwaga. Unataka uwe peke yako?"

Watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema mimi tayari nimeshiba. Mwingine akanyanyua baiskeli yake kuipandisha garini. Na bwana wa mkoba, badala ya kunikana, akaona mwanya akauingia. Alikuja akanishika bega kama dada yake.

"Ni kweli," akawaambia. "Huyu ni mtu wetu. Alikuwa anawajaribu kama mnaweza kutunza siri. Mmemwona wenyewe, amefanikiwa, na yeye alianza hivi hivi kama ninyi."

Nikautoa mkono wake begani.

"Kama mimi ni mtu wako," nikasema, "waambie niliweka dhamana gani."

Hakusita hata kidogo. "Baiskeli," akasema. "Nzuri, ya kike. Ipo stoo, inatunzwa."

Nilimtazama wifi. Wifi alinitazama. Nikaona mdomo wake unaanza kucheza, akijitahidi kuuzuia kwa sababu bado amekasirika.

"Baiskeli," akasema wifi.

"Baiskeli," akarudia yule bwana.

"Huyu?" Sasa alikuwa anawaambia watu. "Huyu wifi yangu? Kaka yangu alimwazimia baiskeli ya jirani amfundishe, huyu akaiingiza kwenye shamba la watu, akavunja baiskeli na mihogo. Mpaka leo ikipita baiskeli anashuka barabarani na kuishika sketi. Mwaka gani alikuwa na baiskeli? Aliipandaje, alikuwa anaibeba kichwani?"

Kicheko kilianza kwa walio karibu kikaenda mpaka getini, maana habari ya mihogo ile Bariadi nzima ilikuwa inaijua. Katikati ya kicheko wifi alikwenda kwenye cherehani yake, akainama, akaikumbatia na gunia lake lote. Nilishika upande wa pili. Nyuma yetu watu walikuwa wanatenganisha baiskeli zao, na dereva wa pikapu, aliyekodiwa tu, alikuwa anadai pesa yake ya mafuta. Vijana wa sungusungu walimpeleka bwana wa mkoba kituoni. Iliishia vipi huko sikuambiwa, wala sikurudi kuuliza.

Barua ya kampuni ilikuja na basi. Walinishukuru kwa huduma yangu. Meneja aliongeza kwa mkono wake kwamba kama ningekaa kimya tungekuwa bado pamoja. Nilimjibu kwamba kama ningekaa kimya, sabuni yake ingeuzwa kwa watu wasio na nguo za kufua.

Wauza duka walinitesa kwa muda. Nikiingia tu mtu anasema, "Simameni wima, mkaguzi amekuja." Yule wa sokoni alinikatia kipande chembamba kama biskuti, akakiweka kwenye kaunta na kungoja.

"Kiandike," akasema.

"Siandiki tena. Ongeza."

Aliongeza. Na nimewaona tangu siku hiyo wengine wakiomba kuongezewa, jambo ambalo katika duka letu la ushirika hakuna aliyethubutu.

Wifi alikaa wiki kadhaa bila kunisemesha zaidi ya salamu. Kisha akanishonea gauni bila kunipima, likanitosha, na ndivyo nilivyojua kwamba tumepatana. Nikawa nakaa naye barazani, natia vifungo na kupinda nguo, tukagawana wateja.

Ndipo siku moja mama mmoja mgeni akasimama duka la jirani. Mkoba mpya, viatu vya safari. Tulimsikia akiuliza kwa sauti nzuri, "Kwa nguo za watoto, unanipendekezea sabuni gani?"

Wifi akasimamisha miguu yake kwenye cherehani. Muuza duka akatugeukia, macho yamejaa kicheko.

Niliinuka nikamwendea yule mama. "Mwadila, mayu," nikamsalimu. "Hapa usiulize hivyo. Omba kipande, sema umesikia kinachubua mikono." Aliniangalia kama mtu aliyevuliwa khanga njiani. "Na wakikutaka uweke dhamana," nikaongeza, "usiweke. Njoo pale barazani utuambie, tena useme kwa sauti."

Nikarudi kwenye vifungo vyangu. Nyuma yangu nilimsikia akikohoa kidogo, kisha akasema anataka kipande.

"Kata sawa," wifi akampazia sauti muuza duka, akaanza tena kukanyaga.