Klachi ya Kukanyaga Mara Mbili

Injini iliitika mara ya kwanza, nami nikafanya haraka kufurahi. Pikapu yangu, inayobeba dagaa kutoka Lamadi hadi Bariadi, ilikuwa imelala kwa fundi mjini Bariadi tangu injini yake ya zamani ilipokufa. Tulikuwa tumeiwekea nyingine iliyotumika, iliyokuja pamoja na giaboksi yake. Muungurumo ulikuwa mtamu. Nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga klachi, nikasukuma gia ya kwanza. Gia ikasaga meno mpaka mkono wangu wote ukatetemeka.

"Upepo huo," fundi alisema. "Umeingia kwenye bomba la klachi. Tutautoa."

Akaingia chini ya gari na spana yake, mimi nikabaki kwenye pedali. Kanyaga. Shikilia. Achia. Tulirudia hivyo mpaka goti likaniuma na mafuta ya breki yakawa yanatoka bila povu. Nikajaribu tena, gia ikasaga vilevile. Nilimuuliza kama ana uhakika na anachokifanya, na sikumuuliza kwa adabu.

"Mama, cha uvunguni sharti uiname," alinijibu kutoka kule chini. "Na aliyeinama ni mimi."

Sikucheka. Kesho yake asubuhi nilitakiwa kumfikisha mama yangu hospitalini Bariadi. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, kiasi kwamba alibaki kuona mwanga na vivuli tu. Madaktari wa macho walikuja kwa siku chache, na kesho ndiyo siku yao ya mwisho ya kupasua. Mama alikuwa amekataa miaka yote, akisema macho yake yametosha kwa aliyoyaona. Safari hii alikubali kwa sharti moja: atapanda gari langu tu, nikiendesha mimi. Hataki kushikwa mkono na mtu asiyemjua.

Na mama ni mtu wa kuamini mikosi. Ukijikwaa mguu wa kushoto wakati wa kuondoka, kwake safari imekufa, rudi ndani ukae. Niliwahi kumwona akiacha harusi ya mtoto wa dada yake kwa sababu ya kisiki kilichokuwa mlangoni. Gari likizima njiani yeye akiwa kiti cha mbele, nilijua atanitaka nimrudishe, na hatakubali tena mpaka anaingia kaburini. Nilikuwa naogopa hasa, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Fundi alitoka uvunguni na kutandika gunia. Juu yake akaweka masta ya chini ya zamani ya gari langu, ile inayokaa kwenye giaboksi na kuisukuma klachi, na pembeni akaiweka ile iliyokuja na giaboksi ngeni. Hata mimi niliona. Pistoni ya hii ngeni ilikuwa nene zaidi. Masta ya juu, ile ya kwenye pedali, tulikuwa hatujaigusa kwa sababu ilikuwa nzima. Huku kwetu kitu kizima hakitolewi kwenye gari, na ndicho kilichotuponza.

"Ya juu inamimina kikombe," fundi alisema, "ya chini inataka jagi. Haziwezi kuelewana."

Ilitakiwa masta ya juu yenye tundu pana, ya kulingana na ile ya chini. Alipiga simu maduka yote ya Bariadi, hakuna. Mwanza ilikuwepo, ingepanda basi kesho na kufika mchana. Mama alitakiwa kufika asubuhi. Basi fundi akarefusha kijiti cha pedali mpaka mwisho wa uzi wake, akanifundisha kuishi na ubovu: kanyaga haraka mara mbili, ya pili ushikilie, ndipo utie gia.

"Na usisimame ovyo," aliniambia.

Asubuhi nilimkuta mama amekaa nje ya nyumba, kijijini kwetu mbele ya Lagangabilili, amevaa gauni la kanisani, kifurushi mapajani.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanone," aliitikia, mwanangu.

Nilimpandisha injini ikiunguruma. Tukaondoka roho mkononi. Kila gia nilikanyaga mara mbili, na kila nilipokanyaga nilipandisha sauti ya maongezi nimfunike masikio: pamba ya jirani, paa la kanisa, dagaa walivyoadimika. Nilisikia mwenyewe jinsi ninavyoropoka. Mama aliitikia "ee" tu, uso mbele.

Kisha nikaona ng'ombe. Kundi zima lilikuwa linavuka barabara bila haraka, wachungaji wakiwa nyuma kabisa, wakipiga soga. Nilitoa gia, nikashika breki, nikasubiri na kuomba. Ng'ombe wa mwisho alipopita, nilikanyaga mara mbili. Gia ikasaga. Nikakanyaga tena kwa nguvu na kuilazimisha iingie. Gari likaruka mbele, likazima.

Nilisikia kengele ya ng'ombe ikienda zake porini.

"Limezima," mama alisema.

"Ee, mayu."

"Nilikusikia tangu nyumbani unakanyaga mara mbili. Halafu unaongea sana. Wewe asubuhi huwa huongei." Alipapasa mapajani akakishika kifurushi vizuri. "Aliyejikwaa ni gari. Mimi miguu yangu haijagusa chini. Twende."

Nilitamani kulia na sikuwa na nafasi. Nilitia gia ya kwanza injini ikiwa imezima, nikawasha hivyohivyo. Stata ikalivuta gari kwa kishindo, injini ikashika tukiwa tunatembea. Mama alijishikilia mlango. Hakuuachia hata tulipokwisha kushika mwendo, na hapo tu ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa anaogopa, tena siyo gari.

Tulifika. Walimpokea, na mchana basi la Mwanza likaleta masta. Fundi aliilinganisha na ile ya chini pale pale kwenye gunia, akaifunga, tukatoa upepo. Pedali ikawa laini, gia ikaingia bila neno.

Kesho yake nilipokwenda kumchukua mama walikuwa wameshamfungua bandeji ya jicho la kwanza, la pili likisubiri madaktari watakaporudi. Tukiwa njiani alitazama mashamba ya pamba, akatazama mikono yangu kwenye usukani, kisha akainamisha kichwa akatazama chini, kwenye pedali, kwa muda mrefu.

"Si ulisema limepona?"

"Limepona, mayu."

"Mbona bado unakanyaga mara mbili?"

Nikatazama. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga mara mbili.