Fataki kwenye Kopo la Vifungo

Nilipangisha chumba cha juu Southall, kwa mzee mmoja Singasinga mzaliwa wa Nakuru. Kabla ya hapo nilikuwa nimeosha vyombo Walthamstow, nimebeba mbao Thamesmead, nimelinda maegesho ya magari mahali ambapo hata jina nimelisahau. Shule niliiacha Tanga nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo kila ninachokiona nataka nijue kinafanyaje kazi. Nadhani ndiyo sababu mzee alinipenda. Binti yake, kila akija, alisikiliza Kiswahili cha baba yake, akamjibu kwa Kiingereza, kisha akarudi kwenye simu.

Mzee alikuwa mlenga shabaha. Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulikoanza. Aliniambia bastola zilishapigwa marufuku nchi hii ya Waingereza, halafu akaniambia risasi anazotengeneza mwenyewe nyumbani ni za bastola. Nikamtazama. Akacheka. Kumbe bunduki yake ni ndefu, ya kukokiwa kwa mkono kama zile za wachunga ng'ombe kwenye sinema, ila inakula risasi za bastola. Ana kibali cha polisi, na bunduki inakaa kwenye kabati la chuma ambalo ufunguo wake hata mkewe hajui uliko. Basi nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa.

Jumamosi moja alinichukua twende naye duka la silaha kununua fataki. Fataki ni kikombe cha shaba, kidogo kama punje ya dengu, kinachokaa kwenye kitako cha risasi. Ukivuta kifyatulio inagongwa, inatoa cheche, na cheche ndiyo inayowasha baruti. Mwenye duka alikagua kibali, akatutolea maboksi mawili: fataki za kawaida na fataki za magnamu, jina la risasi zenye nguvu kuliko za kawaida. Niliomba nizione. Nilizitazama, nikazitazama tena. Mapacha.

"Kwa hiyo hizi za magnamu ni za risasi za magnamu," nilimwambia tukiwa kwenye basi.

"Hapana."

"Ni za nini basi?"

"Za baruti ngumu kuwaka, cheche yake kali zaidi. Iko risasi ya magnamu naitia fataki ya kawaida, inaenda vizuri kabisa."

"Na risasi ya kawaida, ukiitia fataki ya magnamu?"

"Hapo sasa unaanza kuaga vidole, bwana. Fataki haiulizi risasi inaitwa nani. Inauliza ndani kuna baruti gani. Na hilo linasomwa kwenye kitabu, habahatishi mtu."

"Kwa nini basi wakaiita magnamu?"

"Kwa nini wewe unaitwa mpangaji na kodi unalipa ukipenda?"

Abiria wa mbele aligeuka; nadhani alielewa.

Yale maboksi mzee aliyaacha kwenye meza ya chakula, akapanda juu kuoga. Kesho yake klabuni kwao, kwa walenga shabaha, kulikuwa na shindano, na alitaka kupakia risasi zake jioni ile. Shindano lenyewe halikuwa kubwa, ni wazee wenzake tu. Ila safari hii binti alikuwa anakuja kutazama. Kwa miezi alikuwa akimwambia baba yake arudishe kibali, mikono inatetemeka, macho hayaoni. Mzee alimjibu: njoo uone kwanza, halafu useme.

Sasa, mkewe, mama wa nyumba ile, hakuwa na kitu kinachobaki kwenye boksi la dukani. Sukari ilikaa kwenye kopo la kahawa, kahawa kwenye chupa ya achari, na ukifungua friza ukaona makopo ya aiskrimu, yote ni dengu. Anashona nguo za Kipunjabi za watu, na vifungo vyake vyote viko kwenye kopo la biskuti. Wanawake wenzake wa gurudwara, hekalu la Masingasinga, walikuwa wanakuja kunywa chai. Alisafisha meza.

Mzee alishuka na taulo mabegani.

"Bibi, vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Maboksi mawili. Hapa."

"Vile vifungo vya chuma? Nimeviweka pamoja na wenzao." Akaliinua kopo, akalitikisa kama anavyofanya siku zote kuona limejaa kiasi gani. Lilisema kra-kra-kra.

Sijawahi kumsikia mzee akipiga kelele namna ile. "Weka chini! Polepole! Kama yai!"

"Sardarji, umepandwa na nini?"

"Si vifungo! Vinalipuka hivyo!"

Mama aliliweka chini kwa mikono miwili, akasogea hatua nyuma, kisha akashika kiuno. "Vinalipuka, na unaviacha kwenye meza yangu ya chai?"

Mimi nilikuwa nimeshafika mlango wa nje.

Alilifungua kopo mwenyewe. Fataki za kawaida na za magnamu zilikuwa zimelala pamoja katikati ya vifungo vya kila rangi. Alichukua moja, akachukua nyingine, akaenda dirishani. Akavua miwani, akavaa, akavua.

"Njoo," aliniambia. "Wewe una macho. Hii si ya njano zaidi kuliko hii?"

Nilitazama. Niliona kweli ni ya njano zaidi. Akazigeuza kiganjani, nikaona njano imehamia kwa mwenzake. Nikasogea kwenye mwanga, zote zikawa nyeupe. Nilimtazama usoni nijue anataka niseme nini, nikaona anataka sana niseme ndiyo. Nikafikiria jicho lake liko umbali gani na kile kitako cha risasi anapolenga.

"Mzee, sijui."

"Tazama tena."

"Nimetazama. Sijui kabisa."

Akazirudisha koponi taratibu, akampigia mwenye duka simu. Mwenye duka alisema asiguse chochote tena, mtu asitikise kopo, atakuja mwenyewe kulichukua akifunga, na fataki nyingine dukani zimekwisha. Wageni wa mama walinywa chai yao kwa jirani.

Jumapili tulikwenda klabuni kwa gari la binti, bila risasi. Mzee mwenzake alimtolea zake, akakataa. Alisema hapigi risasi ambayo hakuitia fataki kwa mkono wake. Alikaa kwenye benchi amefunga mikono, akawapigia wenzake makofi. Nami sikujua nimeketi kando ya mtu aliyeshindwa au vipi.

Tukiwa njiani kurudi, mzee aligeukia kiti cha nyuma.

"Jana ungesema moja ni ya njano, ningepakia."

"Ungeniamini mimi?"

"Nilikuwa nataka kuamini mtu yeyote."

Binti aliipitiliza njia ya kuingilia Southall, akashtuka alipofika kwenye taa za barabarani. Akasema kwa Kiingereza kwamba mambo ya kibali watayazungumza kesho.

"Kesho," mzee alikubali, na akamwelekeza pa kugeuzia.